Bafu chini ya paa la mteremko: maswali ya wasomaji

Toleo hili tumewapa nafasi wasomaji wanaotaka bafu mahali ambapo dari haiko sawa: darini, kwenye banda la kuegemeza nyuma ya nyumba, chini ya bati. Vipimo vyote tulivyotaja ni vya sakafu na dari zilizokwisha kumalizika, isipokuwa pale tunaposema ni vya kutoka ardhini.

Nyumba yetu ina ghorofa moja, na juu yake kuna chumba cha darini kisichotumika. Sakafu ni zege, paa ni bati la msauzi lenye mteremko wa nyuzi 35. Tumetenga kona ya mita 2.6 kwa 2.4 tuweke choo cha kukaa, sinki na shawa. Upande wa chini ukuta una mita 1.10 tu, upande wa mlango dari inalala bapa kwenye mita 2.40. Fundi anataka choo kikae upande wa mlango, na shawa iende kwenye mteremko kwa sababu "mtu anaweza kuinama kidogo akioga". Tumfuate? — Msomaji, Moshi

Msimfuate. Amepanga kinyume. Kuoga ndiyo kazi inayotaka urefu kuliko zote humo ndani: mtu anasimama wima, anainua mikono, na maji yanatoka juu ya kichwa chake. Kichwa cha shawa hufungwa mita 2.00 hadi 2.10 kutoka pale miguu inapokanyaga, hivyo dari hapo isipungue mita 2.20. Choo mtu anakalia. Kinachohitaji urefu pale si choo chenyewe, ni sehemu ya mbele yake, mtu anapoinuka.

Anzeni na chaki kabla ya kalamu. Kwa paa la nyuzi 35, kila mita moja unayoondoka kwenye ukuta mfupi dari inapanda sentimita 70 (kwa nyuzi 30 ni sentimita 58, kwa nyuzi 45 ni mita nzima). Kwa hiyo kwenu dari inafika mita 1.90 ukiwa sentimita 114 kutoka ukuta mfupi, na mita 2.00 ukiwa sentimita 129. Chora mistari hiyo miwili sakafuni. Watu wasimame ng'ambo ya mistari, upande wa mlango. Vitu vya kukalia, kabati na mabomba vibaki upande wa pili. Mpango wa bafu la darini unaanzia hapo, na yanayobaki ni kupanga vifaa visigombane.

Angalieni pia kwamba mita 1.10 hiyo mmeipima wapi. Mara nyingi watu hupima kutoka zege tupu hadi chini ya mbao za kenchi. Saruji ya kusawazisha na vigae vitakula sentimita 4 au 5 chini, jipsamu na matandazo ya kuzuia joto yatakula sentimita 6 hadi 8 juu. Anayesahau hilo hugundua siku ya kufunga mlango.

Mpangilio tunaoupendekeza ni huu. Ingia mlangoni, ukuta mfupi uko mbele yako, ukuta wa pembetatu wa nje uko kushoto. Shawa ya sentimita 90 kwa 90 ikae kona ya kushoto nyuma, yaani pale ukuta wa pembetatu unapokutana na ukuta wa mlango. Itaanzia sentimita 170 kutoka ukuta mfupi, ambako dari tayari ina mita 2.29. Mlango wa sentimita 80 uwe kulia kwenye ukuta huohuo, na ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani utakula nafasi yote ya kusimama. Sinki la kunawia lenye upana wa sentimita 60 lifungwe kwenye ukuta wa pembetatu, katikati yake ikiwa sentimita 135 kutoka ukuta mfupi, ukingo wake kwenye urefu wa sentimita 85. Sababu ya kulipeleka huko ni kioo. Kioo hakitundikwi kwenye dari inayolala, na watu wengi hukumbuka kioo sinki likiwa limeshafungwa kwenye ukuta mfupi.

Choo kiegemee ukuta mfupi, lakini si ukuta wenyewe. Jengeni ukuta wa pili wa tofali nyembamba au bodi ya saruji, sentimita 25 mbele ya ule wa kwanza, kwa upana wote wa chumba. Una kazi mbili. Unasogeza choo mbele hadi panapofaa: choo cha tanki la mgongoni kina urefu wa takriban sentimita 68 toka nyuma hadi mbele, hivyo ncha yake itafika sentimita 93, na mtu akiinuka kichwa chake kitakuwa kwenye sentimita 110 hadi 120, ambako dari ina mita 1.87 hadi 1.94. Bila ukuta huo angeinukia kwenye mita 1.70 na kupigwa paji la uso kila asubuhi. Kazi ya pili ni kuficha mabomba, na juu yake mnapata rafu ya bure ya sabuni na taulo. Acheni kijimlango cha sentimita 30 kwa 40 cha kufikia viungo vya bomba. Ukuta ukizibwa moja kwa moja, siku bomba likiziba mtavunja vigae.

Kwa mwanamume mrefu anayekojoa akiwa amesimama, mahali hapo bado patakuwa pafupi. Akae.

Jaribuni kabla ya kununua chochote. Chukueni kiti chenye urefu wa sentimita 42, ambao ni karibu sawa na wa choo, kiwekeni pale choo kitakapokuwa, na mrefu kuliko wote nyumbani akae na ainuke mara kadhaa kama kawaida yake, si kwa tahadhari. Binadamu akiinuka hutanguliza kichwa mbele kabla ya kunyoosha magoti. Ndiyo maana vipimo vya mbele ya choo ni muhimu kuliko vya nyuma yake.

Sasa maji taka, ambako mafundi wengi hukosea hata pale mpangilio ni mzuri. Sakafu ni zege, na hatushauri kulichimba ili kupitisha bomba: utakata nondo. Nunueni choo kinachotoa uchafu kwa nyuma, si kinachoshuka sakafuni. Tundu lake huwa kwenye sentimita 18 hivi juu ya sakafu, linaingia bomba la inchi 4 lililolala nyuma ya ule ukuta wa pili, kisha linatoka nje na kushuka ukutani hadi kwenye chemba. Mteremko wa bomba hilo ni sentimita 2.5 kwa kila mita. Mtu asiwashawishi kulilaza sawasawa eti umbali ni mfupi.

Shawa ndiyo yenye hesabu ngumu. Kutoka kwenye tundu lake hadi bomba kubwa, ukifuata ukuta wa pembetatu kupitia chini ya kabati la sinki kisha ukakunja nyuma ya ukuta wa pili, ni kama mita 3.3. Mteremko uleule unadai sentimita 8 za kushuka. Ongeza unene wa bomba la inchi 2 na trapu, ile shingo inayobakiza maji ya kuzuia harufu, na unapata jukwaa la shawa lenye kimo cha sentimita 17 au 18. Msiogope: mita 2.29 ukitoa 0.18 inabaki 2.11 kwenye ukingo wa chini wa shawa, na zaidi kidogo unapoelekea mlangoni. Hapo kifungeni kichwa cha shawa upande wa ukuta wa mlango, kwenye dari ya juu zaidi, kwa urefu wa mita 2.00 juu ya jukwaa. Kama fundi wenu angeiweka shawa mteremkoni, jukwaa hilo lingewabakizia dari ya kuogea watoto tu.

Juu kabisa ya bomba kubwa liendelee bomba la hewa la inchi 2 hadi juu ya paa. Likikosekana, choo kikivutwa maji hunyonya maji ya trapu ya shawa, mlio wa gloku-gloku unasikika, na baada ya siku chache chumba kinanuka. Watu hulaumu vigae, hulaumu choo, hununua dawa. Tatizo ni hewa.

Kabla ya vigae pakeni rangi ya kuzuia maji tabaka mbili, sakafu yote na kupanda ukutani sentimita 20, kwenye shawa hadi mita 2. Ikikauka zibeni matundu, mwageni maji ya kina cha sentimita 2 hadi 3, yaacheni saa 24, kisha shukeni chini mkaangalie dari ya chumba kilicho chini. Mwanga na hewa vipatikane kwa dirisha dogo la luva, sentimita 60 kwa 40, juu kwenye ukuta wa pembetatu upande wa shawa, kingo ya chini ikiwa mita 1.70. Fremu iwe alumini. Mbao hapo itaoza.

Nataka kuongeza bafu na choo cha kuchuchumaa nyuma ya nyumba, kwa kuegemeza paa kwenye ukuta uliopo. Upana kutoka ukutani ni mita 1.8, urefu mita 2.4. Ukingo wa paa kuu uko mita 2.60 kutoka ardhini na umetokeza kama nusu mita. Jirani alijenga hivyohivyo na maji yanaingia kila mvua za masika. — Mama wa watoto watatu, Kibaha

Mama, kwa bati la kawaida la migongo usishuke chini ya nyuzi 10, yaani sentimita 18 kwa kila mita. Kwa mita 1.8 paa litashuka sentimita 32. Ukianzia mita 2.45 kwenye ukuta wa nyumba, chini ya ukingo wa paa kuu, upande wa nje utabaki na mita 2.13, nayo inatosha mtu mzima kusimama. Vipimo hivyo ni vya ardhi. Sakafu ikinyanyuka sentimita 15, toa hizo pia. Hapo upande wa nje unabaki na mita 1.98, na ukifunga dari unapungua tena. Usifunge dari, au fuata mteremko kwa mbao nyembamba. Usiweke dari bapa kwa sababu tu ya kupendeza.

Kwa hiyo shawa ikae ubavuni mwa nyumba, choo upande wa nje. Hilo linakusaidia mara mbili, kwa kuwa upande wa nje ndiko bomba la inchi 4 linakoelekea chemba. Pima umbali wa chemba kabla ya kumwaga jamvi: mita 6 zinahitaji kushuka sentimita 15, na ikiwa mdomo wa bomba kwenye chemba uko juu mno, sakafu ya bafu ndiyo itakayolazimika kupanda, na urefu wa kusimama utaondoka. Choo cha kuchuchumaa nacho kina trapu yake chini, karibu sentimita 30 za kina, kwa hiyo shimo lake lichimbwe kabla ya zege.

Kuhusu jirani: mara nyingi kinachoponza ni pale bati jipya linapokutana na ukuta. Bati jipya likipachikwa tu ukutani na kupakwa saruji juu, saruji inapasuka kwa sababu bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku. Wewe una bahati, ukingo wa paa kuu umetokeza nusu mita. Bati la bafu lipite chini yake hadi kugusa ukuta, na hapo ukutani lifungwe kipande cha bati kilichokunjwa, mguu mmoja ukiingia ndani ya mfereji wa sentimita 2 uliokatwa kwenye lipu, mguu mwingine ukilalia bati kwa sentimita 15. Mfereji uzibwe kwa silikoni ya nje. Mabati yapandane migongo miwili ubavuni, na misumari ipigwe kwenye mgongo, kamwe si bondeni. Maji ya paa kuu yataangukia hilo dogo, hivyo weka mfereji wa maji kwenye ukingo wa paa kuu. Usipoweka, hata kazi nzuri itachoka mapema.

Sakafu ya bafu iwe chini ya sakafu ya nyumba kwa sentimita 3 hadi 5, na imiminikie tundu kwa sentimita 1.5 kwa kila mita.

Bafu letu liko chini ya paa la bati, dari ya jipsamu imefuata mteremko. Asubuhi matone yanadondoka na kuna madoa meusi kona ya juu, hata wakati wa kiangazi. Fundi amepaka silikoni kwenye misumari mara mbili bila mafanikio. — Msomaji, Njombe

Bati lenu halivuji. Ni mvuke wa maji ya moto unaopita kwenye jipsamu, unakutana na bati lililopoa usiku wa baridi ya Njombe, unageuka maji na kurudi chini. Kuthibitisha ni rahisi: msioge humo siku mbili au tatu za ukavu. Matone yakikoma, fundi aweke silikoni yake kando.

Kuna hatua tatu dhidi ya mvuke, na mnazifanya zote au mnapoteza fedha. Ya kwanza ni feni. Iwe ya inchi 4, ifungwe juu kabisa ya mteremko kwani mvuke hukusanyika huko, na bomba lake litoke nje ya nyumba. Tumeona mabomba mengi ya feni yaliyoachiwa juu ya dari: hayo yanapeleka mvuke kwenye kenchi kwa bidii. Feni iendelee dakika 15 hadi 20 baada ya kuoga, na chini ya mlango pabaki uwazi wa sentimita 1, vinginevyo haina hewa ya kuvuta. Ya pili ni dari yenyewe. Ivueni, angalieni mbao (zilizolainika zibadilishwe), wekeni matandazo ya kuzuia joto, na chini yake, upande wa chumbani, nailoni nzito isiyo na tundu, maungio yakiwa yamepandana sentimita 15 na kufungwa kwa gundi ya utepe. Kati ya matandazo na bati acheni sentimita 5 za hewa, zenye mlango wa kuingilia ukingoni mwa paa na wa kutokea kwenye mgongo. Funikeni kwa jipsamu ya kijani inayostahimili unyevu au dari ya PVC. Ya tatu ni taa za kuchimbia darini. Kila tundu ni bomba la mvuke. Tumieni taa za kubandika.

Mkiweka nailoni upande wa bati badala ya chumbani, maji yataloweka matandazo na hali itakuwa mbaya kuliko sasa.

Bafu la darini limekamilika, lakini shawa inatoa maji ya kudondoka tu, na hita ya papo kwa papo haiwaki. Tanki liko kwenye mnara wa mita 4. — Msomaji, Arusha

Pimeni kutoka ardhini. Sakafu ya darini ikiwa mita 3 na kichwa cha shawa mita 2 juu yake, shawa iko mita 5. Kitako cha tanki kiko mita 4. Maji mnayoyaona yanasukumwa na kile kilichomo ndani ya tanki tu, na likifika nusu yatakoma kabisa. Ili mvutano wa kawaida ufanye kazi, kitako cha tanki kiwe angalau mita 1 juu ya kichwa cha shawa, na hita nyingi za papo kwa papo hutaka zaidi ya hapo ndipo ziwake.

Msipandishe tanki kwenye kenchi. Lita 1000 ni tani moja, na kenchi za nyumba hazikupigwa kwa uzito huo. Nunueni pampu ndogo, na hapa kuna mtego: pampu inayowashwa na mwendo wa maji haitaamka ikiwa tanki liko chini ya shawa, kwa sababu hakuna mwendo wa kuiamsha. Ombeni ya kuwashwa na shinikizo, ifungwe chini karibu na tanki.

Na kwa kuwa mtafungua ukuta, tazameni waya wa hita. Hita ya wati 5500 inavuta karibu ampea 24. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye ubao wa umeme, wa milimita 4 za mraba, wenye kikatio cha ampea 32. Ikiwa ya wati 7500, waya uwe wa milimita 6 na kikatio cha ampea 40. Vyote vipitie kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, na waya wa ardhi uwe umeunganishwa kweli. Chini ya bati kuna joto kali mchana, na waya mwembamba uliozikwa kwenye matandazo unapashwa pande zote mbili.

Tunageuza dari ya nyumba yetu ya Leicester kuwa chumba cha kulala na bafu. Mkandarasi anapendekeza choo chenye pampu ya kusaga ili kukwepa bomba kubwa. Je, ni busara? — Msomaji, Uingereza

Kanuni za ujenzi za Uingereza zinakiruhusu ikiwa ndani ya nyumba kuna choo kingine kinachotiririsha kwa mteremko wa kawaida. Lakini umeme ukikatika hakifanyi kazi, kinapiga kelele usiku juu ya vichwa vya waliolala chini, na kitambaa kimoja cha kupangusia mtoto kinaweza kukikwamisha. Kwanza mwambieni awaonyeshe lilipo bomba kuu la maji taka la nyumba. Mara nyingi linapanda ukutani hadi juu ya paa, likipita mita chache tu kutoka kwenye bafu mnalolipanga. Likiwa hivyo, sogezeni choo kulifuata.

Mambo mengine mawili mmuulize kabla ya kusaini. Mbao za dari ya zamani zilikuwa zinabeba dari tu, hivyo bafu linahitaji mbao mpya za sakafu zilizokokotolewa na mhandisi. Na ngazi: urefu wa kichwa unaotakiwa ni mita 2.00, ila kwa dari zinazogeuzwa vyumba hukubaliwa mita 1.90 katikati ya ngazi na 1.80 pembeni. Ngazi ikishindwa kipimo hicho, itasogezwa, na ikisogezwa ndiyo itakayoamua bafu likae wapi. Kwa hiyo ichorwe kwanza.